Istilahi "Endelevu": Kinachoendelea ni Nini?

Uhakiki wa istilahi za mazingira katika utalii wa milimani

Utangulizi

Istilahi njema ni ile imwezeshayo mtu kutenda. Mtumishi wa Serikali aikutapo katika waraka hana budi kujua lipi la kuruhusu na lipi la kukataza. Mwalimu hana budi kuweza kuieleza bila kukimbilia lugha ya kigeni. Naye mfasiri hana budi kuweza kuitumia mahali pawili bila kusema mambo mawili. Istilahi ishindwayo kufanya hayo, hata ikiwa tamu masikioni, ni mzigo kwa lugha.

Kwa kipimo hicho tunakusudia kulipima neno ambalo leo limeenea katika nyaraka, vitabu vya shule, mabango ya mikutano na matangazo ya hoteli. Neno lenyewe ni "endelevu". Dhana ibebwayo na neno hili ilipata nguvu duniani kwa ripoti ya Tume ya Brundtland ya mwaka 1987, ambayo ilitaka kizazi cha leo kitimize mahitaji yake pasipo kuviharibia vizazi vijavyo uwezo wa kutimiza yao. Mwaka 2015 Umoja wa Mataifa ulipitisha Malengo ya Maendeleo Endelevu, na tangu hapo neno hili limekuwa kama chumvi: hutiwa katika kila chakula.

Uwanja tuliouchagua kwa jaribio letu ni utalii wa milimani, hasa vituo vya kuteleza thelujini. Huenda msomaji akauliza jambo hilo linamhusu nini mtu aandikaye kutoka Kipalapala, kilomita chache nje ya mji wa Tabora, mahali ambapo theluji haijulikani. Tuna sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba mambo haya yamekwisha kuingia madarasani mwetu. Muhtasari wa somo la jiografia nchini Kenya, chini ya mfumo wa 8-4-4, ulimtaka mwanafunzi wa sekondari alinganishe utalii wa nchi yake na ule wa Uswisi, ambako michezo ya theluji ni nguzo kubwa. Mwalimu atakaye kulieleza somo hilo kwa Kiswahili lazima awe na maneno. Sababu ya pili ni kwamba jambo la mbali husaidia kulitazama neno bila pazia la mazoea. Tukikwisha kuona jinsi "endelevu" inavyofanya kazi kwenye theluji, tutarudi nalo kwenye msitu wa miombo, ambako kosa la neno laweza kugharimu miti.

Umbo la neno

Kisarufi, neno "endelevu" halina kosa. Limeundwa kwa kufuata njia ya zamani ya lugha yetu: kutulia hutupa tulivu, kuvumilia hutupa vumilivu, kusikia hutupa sikivu, kuelekea hutupa elekevu. Vivyo hivyo kuendelea hutupa endelevu. Waliolibuni wanastahili sifa kwa kutokopa neno zima la kigeni lilipokuwapo shina la kutosha nyumbani.

Lakini tuitazame tabia ya maneno ya jamii hii. Mtu mvumilivu ni yeye mwenyewe avumiliaye. Mtoto msikivu ni yeye mwenyewe asikiaye. Sifa hukaa kwa yule aliyetajwa, wala haivuki kwenda kwa mwingine. Basi "utalii endelevu", kwa sheria hiyohiyo, ni utalii wenyewe uendeleao. "Uvunaji endelevu" ni uvunaji uendeleao. Na "maendeleo endelevu", ambayo hurudia shina moja mara mbili, ni maendeleo yaendeleayo. Hakuna hata kimoja katika virai hivi kinachotaja kile ambacho shughuli hutegemea: maji, udongo, mti au mnyama.

Neno la Kiingereza lililofasiriwa lina picha nyingine. Kwa asili yake ya Kilatini lina maana ya kushikilia kitu kwa chini kisianguke. Nayo dhana yenyewe ilizaliwa msituni. Mwaka 1713, Hans Carl von Carlowitz, msimamizi wa migodi katika nchi ya Saxony, alichapisha kitabu juu ya utunzaji wa misitu. Migodi na tanuri za kuyeyushia madini zilikuwa zikila kuni kuliko zilivyoota, naye akataka usikatwe mti zaidi ya kiasi kinachoweza kuota tena. Tangu mwanzo, basi, lililoshikiliwa lilikuwa msitu. Tanuri iliendelea kwa sababu msitu ulibaki. Katika tafsiri yetu tumeichukua tanuri na kuuacha msitu.

Mfano wa theluji

Vituo vya kuteleza thelujini huishi kwa theluji kama vile mvuvi aishivyo kwa samaki. Joto la dunia linapopanda, theluji huanguka kidogo kwenye miteremko ya chini na kuyeyuka mapema. Wenye vituo wana njia kadhaa za kujibu. Wapo wanaohamia juu zaidi mlimani. Wapo wanaopunguza shughuli za msimu wa baridi na kutafuta wageni wa kiangazi. Na wapo, nao ni wengi sana, wanaotumia mashine zinazorusha matone madogo ya maji katika hewa ya baridi ili yagande kabla ya kufika chini. Mashine za namna hii zilianza Marekani mwaka 1950, na leo hutumika katika nchi zote kuu za mchezo huo.

Theluji hiyo haipatikani bure. Kufunika hekta moja kwa kina cha sentimita 30 huhitaji takriban mita za ujazo 1,000 za maji, yaani lita milioni moja. Maji hayo huchotwa mtoni au hukusanywa katika mabwawa yanayochimbwa mlimani, na umeme huhitajika kuyapandisha na kuyarusha. Katika Michezo ya Olimpiki ya Majira ya Baridi iliyofanyika Beijing mwaka 2022, karibu theluji yote ya mashindano ilitoka mashinini. Huko Dubai, tangu mwaka 2005, watu huteleza kwenye theluji ndani ya jengo la maduka katika nchi ya jangwa, nao Waswahili waishio Ghuba wanaweza kwenda kuitazama kwa gari.

Sasa tulilete neno letu. Je, kituo kirushacho theluji ya mashine ni "utalii endelevu"? Kwa maana iliyokusudiwa na Tume ya Brundtland, jibu halipatikani mpaka tumeuliza habari za maji, umeme na mteremko. Lakini kwa maana ambayo Kiswahili huisikia, jibu ni rahisi: ndiyo, kwani utalii umeendelea. Theluji ya mbinguni imekoma, wageni hawakukoma. Hata jengo la Dubai ni endelevu, tena kupita mlima wowote, maana huko hakuna kiangazi cha kuukatisha msimu. Neno ambalo latukuza kile lililoundwa kukihoji lina kasoro ya msingi, si ya pambo.

Msafara nao uliendelea

Watu wa Tabora hawahitaji kwenda Ulaya kuielewa kasoro hii. Njia ya zamani ya misafara, iliyotoka Bagamoyo kupitia hapa Unyanyembe mpaka Ujiji, inaieleza vizuri zaidi. Burton na Speke walipofika Kazeh mwaka 1857 walikuta kituo kikubwa cha biashara, ambako misafara ilipumzika, ikabadilisha wapagazi na kununua chakula. Bidhaa kuu iliyoshuka pwani, pamoja na watu waliotekwa utumwani, ilikuwa pembe za ndovu.

Ndovu walipopungua katika nchi za karibu, biashara haikufa. Ilisogea. Katika miaka ya 1860 na 1870 wafanyabiashara walivuka Ziwa Tanganyika wakaingia Manyema, na habari za Hamed bin Muhammed, aliyeitwa Tippu Tip, zinaonyesha jinsi pembe zilivyozidi kutafutwa mbali. Neno lenyewe "kuendelea", katika kinywa cha mtu wa safari, lina maana ya kusonga mbele. Msafara uliimaliza nchi, ukaendelea hadi nchi nyingine. Kwa sarufi, msafara wa pembe ulikuwa endelevu kwelikweli. Kwa ndovu, ulikuwa maangamizi, na kwa watu uliowasomba, ulikuwa msiba.

Hapa ndipo tunapoona undugu wa mambo yaliyo mbalimbali. Kituo cha theluji huendelea kwa kupanda juu au kwa kuchota mto. Msafara uliendelea kwa kuhamia msitu mwingine. Katika yote mawili shughuli imebaki, na mtaji wake umeliwa. Istilahi isiyoweza kutenganisha kubaki kwa shughuli na kubaki kwa mtaji haiwezi kuwa istilahi ya uhifadhi.

Asali, tumbaku na waraka wa kijiji

Tutoe mifano iliyo karibu zaidi. Wanyamwezi ni warina asali mashuhuri, na asali ya Tabora hutoka katika msitu wa miombo, ambao jina lake wataalamu wa dunia nzima wamelichukua kutoka katika lugha za huku kwetu. Kwa miaka mingi mizinga mingi imetengenezwa kwa gome la mti. Gome huvuliwa kwa mviringo, mzima mzima, na mti uliovuliwa hivyo hufa. Mrina anaweza kuvuna kila mwaka, akatundika mizinga mipya kila mizinga ya kale iozapo, na uvunaji wake ukaendelea kwa muda mrefu huku miti inayowalisha nyuki ikipungua. Tukiuita "ufugaji nyuki endelevu" hatujasema lolote juu ya gome. Tukisema "ufugaji nyuki usioua mti", kila mtu atajua kwamba mzinga wa gome umekatazwa na mzinga wa masanduku umeruhusiwa.

Tumbaku nayo ina somo lake. Tumbaku ya mvuke hukaushwa katika mabani kwa joto la moto, na moto huo kwa sehemu kubwa hutaka kuni. Mkulima wa Urambo, Kaliua au Sikonge akiambiwa afuate "kilimo endelevu", aweza kuitikia kwa moyo mweupe kwamba kilimo chake kinaendelea tangu enzi za baba yake. Lakini miombo ina desturi njema: kisiki chake huchipua tena kikiachwa bila kung'olewa wala kuchomwa mara kwa mara. Agizo lisemalo "kata, acha kisiki, usirudi mpaka kichipue na kukomaa" ni refu kuliko neno moja, ila linatendeka.

Hatari iko wazi zaidi katika sheria ndogo. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 iliwapa wanakijiji nafasi ya kutenga misitu yao ya hifadhi na kujiwekea kanuni. Kanuni hizo huandikwa kwa Kiswahili, husomwa mkutanoni, na watu huzikubali kwa kunyosha mikono. Ikiandikwa kwamba katika msitu huo "utaruhusiwa uvunaji endelevu wa mazao ya misitu", msikilizaji asiyepitia semina ana haki kamili ya kuelewa kwamba uvunaji utaendelea. Siku mchoma mkaa atakapofikishwa mbele ya baraza, atajitetea kwa maneno yaleyale ya kanuni, na lugha itakuwa upande wake.

Wenzake wa "endelevu"

Neno baya halitembei peke yake. Yako mengine manne ambayo mfasiri wa habari za utalii wa milimani atakutana nayo.

La kwanza ni "theluji bandia". Bandia ni kitu cha kudanganyia, kisicho halisi. Theluji ya mashine ni maji halisi yaliyoganda. Kasoro kubwa si kwamba neno linaitukana theluji, bali kwamba linaficha maji: akisikia "bandia", mwanafunzi hudhani ni unga au plastiki, wala haulizi mto umepungua kiasi gani. "Theluji ya mashine" humfanya aulize mashine inakula nini.

La pili ni "rafiki wa mazingira". Kirai hiki kimevushwa kutoka ng'ambo mzima mzima. Kwetu rafiki hujulikana kwa tendo siku ya shida, na hapa tendo halitajwi. Mji wa Zermatt, huko Uswisi, hauruhusu magari ya petroli kwa usafiri wa kawaida. Mwenye kusema hivyo ametaja jambo linaloweza kukaguliwa. Mwenye kuuita mji huo "rafiki" ametoa sifa tu. Ulinganishe urafiki huo na istilahi "jiko banifu". Hii ni kazi njema ya kupigiwa mfano. Imetoka katika kubana, nayo inasema waziwazi kwamba jiko hilo linabana kuni. Mama wa kijijini huielewa siku ya kwanza, na mkaguzi anaweza kuipima kwa mizigo ya kuni.

La tatu ni "uwezo wa kubeba", litumiwalo kwa idadi ya wageni ambayo mahali paweza kustahimili. Msomaji huona mlima uliojitwisha watu. Tunadhani "kikomo cha wageni" hufaa zaidi, kwa sababu kikomo hudai tarakimu. Hapo Mlima Kilimanjaro unatupa mfano. Wapagazi wa mlima huo hubeba jina lilelile walilobeba wapagazi wa Unyamwezi, lakini leo mzigo wao umewekewa kikomo cha kilo 20. Tarakimu hiyo hupimwa kwa mizani langoni. Njia, kambi na chemchemi za mlima zastahili maneno yenye mizani vilevile.

La nne ni kuchanganya "theluji" na "barafu". Hapa Kilimanjaro haina budi kutajwa tena, kwani ndiyo mlima wa barafu ujulikanao na kila mtoto wa shule wa Tanzania. Kilicho katika kilele cha Kibo, mita 5,895 juu ya usawa wa bahari, si theluji tu inayoanguka na kuyeyuka; ni barafuto, yaani barafu nene iliyojijenga kwa karne nyingi. Watafiti wamekadiria kwamba kati ya mwaka 1912 na 2007 eneo la barafu hiyo lilipungua kwa takriban asilimia 85. Gazeti liandikapo kwamba "theluji ya Kilimanjaro imerudi" baada ya usiku mmoja wa baridi, msomaji hufarijika bure. Theluji ya asubuhi hairudishi barafuto. Neno sahihi lipo kamusini na litumike.

Mapendekezo

Hatupendekezi kulifuta neno "endelevu". Limekwisha kuingia katika mikataba, sheria na majina ya miradi, na kulifukuza ni kuwatwanga watu maji kinuni. Tunapendekeza lifungwe kwa masharti haya:

1. Katika majina rasmi, kama vile Malengo ya Maendeleo Endelevu, neno libaki lilivyo.

2. Katika maandishi ya kueleza, kufundisha au kuagiza, lisitumiwe peke yake. Litajwe lile linalotakiwa kubaki. Badala ya "utalii endelevu" iandikwe "utalii usiomaliza maji", "usioharibu mteremko", au lolote liwe ndilo linalokusudiwa.

3. Pale ambapo mambo ni mengi na kirai kimoja kinahitajika, itumike "matumizi ya kubakiza", na kwa mazao ya msituni "uvunaji wa kubakiza". Mrina asali ambaye huwaachia nyuki sehemu ya masega huelewa kubakiza bila tafsiri. Tena kitenzi hiki kina faida ambayo kuendelea hakina: kubakiza lazima kubakize kitu, na msomaji atauliza ni kitu gani na kiasi gani.

4. Katika kanuni na sheria ndogo, neno "endelevu" lisiwe kigezo cha kosa wala cha ruhusa. Kiandikwe kipimo: unene wa mti, idadi ya visiki, msimu, au miaka ya kupumzisha msitu.

5. "Theluji ya mashine", "kikomo cha wageni" na "barafuto" zitumike katika vitabu vya jiografia na utalii, na "rafiki wa mazingira" iachiwe matangazo ya biashara.

Tunajua hoja itakayoletwa dhidi yetu, nayo ni ya haki: virai vyetu ni virefu, na istilahi hupendwa ikiwa fupi. Jibu letu ni kwamba ufupi ni sifa ya istilahi iliyokwisha kueleweka. "Banifu" ni fupi na inaeleweka. "Endelevu" ni fupi na haieleweki vilivyokusudiwa. Mpaka siku umma utakaposikia "endelevu" na kuuona msitu kabla ya kumwona mkataji, maneno manne yaliyo wazi yatabaki kuwa na nafuu kuliko moja lenye kivuli.

Hitimisho

Uhifadhi wa mazingira ni elimu ya kuhesabu kilichobaki. Wakaguzi wa vituo vya theluji huhesabu maji bwawani. Warina wa Tabora huhesabu miti yenye maua. Walinzi wa Kilimanjaro hupima mizigo langoni. Kazi ya istilahi ni kuwaonyesha watu hao kitu cha kuhesabu. Tunawaomba wafasiri, kila wakutapo neno hili katika lugha ya kigeni, wajiulize swali moja kabla ya kuandika: baada ya shughuli hii kufanyika miaka hamsini, ni kitu gani kinachotakiwa kiwe bado kipo? Wakikipata, wakiandike kwa jina lake. Wasipokipata katika maandishi wanayoyafasiri, basi kasoro haiko katika Kiswahili, na ni wajibu wao kumrudishia mwandishi swali hilo kabla tafsiri haijachapwa.